Predator na mkorogo wa Hollywood

Wadau, leo naomba siasa na bei ya mafuta zikae pembeni kidogo. Nina hasira, na nitazitolea hapa hapa, maana mhariri wangu kashaniambia kwamba habari ya sinema ya mwaka 1987 haiuzi gazeti.

Iko hivi. Mshikaji wangu karudi kutoka masomoni Ujerumani na begi la diski za Blu-ray alizonunua kwa bei ya mtumba. Nikapekua, nikakuta Predator, toleo la 2010, lile walilolibatiza Ultimate Hunter Edition. Niliibeba kwenda nayo nyumbani kama mtoto aliyepewa hela ya sikukuu.

Wanaonijua wanajua kwa nini. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Tandika, na banda la video la mtaani kwetu lilikuwa linatoza shilingi mia. Mabenchi ya mbao, mapazia ya magunia, joto la kufa mtu, televisheni moja ya inchi 21. Predator niliiona pale, kwenye zile DVD za wizi zenye sinema ishirini za Schwarzenegger ndani ya diski moja, na juu yake kuna jamaa anatafsiri Kiswahili huku anatia utani wake. Picha ilikuwa chenga tupu, lakini tuliogopa kweli. Usiku ule nilikwenda chooni nimesindikizwa na dada.

Sasa ndugu yenu nina kazi, nina televisheni kubwa kiasi, nina diski halali mkononi. Nikazima taa. Dakika kumi nikasimamisha. Nikafuta kioo cha TV. Nikarudisha nyuma. Jamani, hawa ni akina nani?

Schwarzenegger kawa mdoli wa dukani. Carl Weathers uso unateleza kama sabuni. Kuna sehemu Bill Duke anajinyoa kwa wembe mkavu, sehemu ambayo kazi yake yote ni kukufanya usikie ngozi inavyokwaruzwa, na hapo ngozi haipo! Kuna nta. Wanaume wako katikati ya msitu wa Mexico, joto linawachemsha, na nyuso zao zimetulia kama picha za kampeni. Majani ya nyuma yameungana yakawa uji wa kijani.

Kwetu hicho kitu kina jina. Huo ni mkorogo. Sinema imepakwa mkorogo.

Kwa wasiojua, ngoja nieleze, maana watetezi wa toleo hili wanategemea tusijue. Predator ilipigwa kwenye filamu, sio kwenye kadi ya kamera. Filamu ina utando wenye chembe ndogo za madini ya fedha zinazoitika mwanga, na zikishasafishwa kwa dawa ndizo zinazoacha alama ya picha. Mahali penye giza, kama chini ya miti mikubwa, unahitaji filamu inayonasa mwanga hafifu, na filamu ya namna hiyo chembe zake ni kubwa zaidi. Ndiyo maana ukiitazama Predator vizuri unaona kitu kama vumbi laini linachezacheza. Yale sio machenga ya antena iliyopinda. Zile chembe ndizo zilizobeba pua, jasho, ndevu na jani. Hakuna picha nyingine safi iliyojificha chini yake.

Sasa kompyuta ya kusafisha inafanya nini? Inalinganisha picha moja na inayofuata, na sekunde moja ya sinema ina picha 24. Chochote kidogo kinachobadilika ovyo inakiita uchafu na kukifuta. Ikitumika kwa kiasi, inasaidia. Ikitumika kwa pupa haitofautishi chembe na kinyweleo. Inafuta vyote.

Na pupa hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka huo huo wa 2010, mwezi Julai, studio ya Fox ilikuwa inatoa Predators, sinema mpya ya mfululizo ule. Ya zamani ikatolewa siku chache kabla, ikiwa imelainishwa. Ilikuwa tayari na toleo la Blu-ray la 2008, ambalo nalo halikuwa la kujivunia, lakini angalau watu ndani yake walikuwa na ngozi.

Hoja za watetezi nazijua, kwa hiyo tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: wateja wenye TV mpya wakiona chembe wanadhani diski mbovu. Sawa. Mimi nikiandika habari ya bajeti, wapo wasomaji wanaochoshwa na tarakimu. Je, nizifute? Kazi yangu ni kumweleza msomaji tarakimu ile maana yake nini. Mteja asiyejua chembe ni nini aelezwe kwa sentensi mbili nyuma ya kasha, basi.

Ya pili, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi: eti ni sinema ya ngumi na bunduki tu, kwani ni Shakespeare? Nendeni zenu huko! John McTiernan aliiongoza akiwa na akili timamu, na mpiga picha wake, Donald McAlpine, aliutumia ule msitu kama mhusika. Ugomvi mzima wa Predator ni kati ya jicho na msitu: wewe humwoni adui, adui anakuona kwa joto la mwili wako. Halafu Dutch anaokolewa na nini? Na tope! Anajipaka tope, anakuwa sehemu ya ardhi, adui anampita hamwoni. Sinema ambayo steringi anapona kwa sababu ya uchafu, ninyi mkaenda kuiogesha. Mngekuwa mmeielewa, mngeona aibu.

Ya tatu ndiyo nzito: mwenye mali ana haki na mali yake. Na nyingine inayofanana nayo: je, kama mwongozaji mwenyewe ameridhia? Mwezi Machi 2024 James Cameron alitoa diski za 4K za Aliens ya 1986 na True Lies ya 1994, zikiwa zimepitishwa kwenye programu za kisasa za kunoa picha. Wapenzi wengi wa sinema wakalalamika kwamba nyuso zimekuwa za bandia, na Cameron akaitetea kazi ile. Hapo siwezi kumwambia kwamba haielewi sinema yake. Ninachomwambia ni hiki: toa hiyo unayoitaka leo, lakini ile tuliyoiona jana usiizike. Mtu ana haki ya kubadili mawazo. Hana haki ya kudai kwamba hakuwahi kuwa na mawazo mengine.

Kazini kwetu sheria ni rahisi. Maneno ya mtu naweza kuyafupisha, naweza kuyaeleza kwa maneno yangu. Lakini nikishafungua alama za nukuu, sigusi kitu. Nikigusa, ni uongo hata kama nimemfanya aonekane msomi zaidi. Kasha lililoandikwa Predator, 1987, ni alama za nukuu. Ndani yake nategemea kukuta kilichosemwa mwaka 1987.

Najua kuna atakayeniuliza: wewe uliyekulia kwenye kopi za wizi, leo unamfundisha nani? Swali la haki. Kopi ile ilikuwa chafu, lakini kila mtu bandani alijua ni chafu, na tulijua kuna nzuri mahali fulani. Hili la 2010 liliuzwa kama ndiyo hiyo nzuri.

Niwaambie kitu cha nyumbani. Babu yangu alipofariki, tulikuwa na picha yake moja tu ya maana, imekunjika na kufifia. Tukaipeleka studio moja ikuzwe kwa ajili ya msiba. Ikarudi inang'aa. Mikunjo ya karatasi imeondoka, na mikunjo ya babu nayo imeondoka. Kovu lake la shavuni, ambalo kila mjukuu alikuwa na hadithi yake, halipo. Bibi akaishika muda mrefu, akauliza, "Huyu ni nani?" Fundi hakuwa na nia mbaya, alidhani kasafisha. Bahati yetu picha ya zamani tuliitunza.

Na hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kevin Peter Hall, aliyevaa lile vazi la Predator, alifariki 1991. Carl Weathers alifariki Februari 2024. Hakuna wa kuwarudisha msituni wapigwe picha upya. Tulichobakiwa nacho ni kile kilichonaswa na zile chembe.

Kwa haki, nilibahatika pia kuiona kwa mshikaji diski ya 4K ya 2018. Chembe zimerudi, jasho limerudi, Bill Duke ana mashavu tena. Maana yake mwaka 2010 hawakushindwa, waliamua.

Kwa hiyo ukiikuta Ultimate Hunter Edition kwenye meza ya mtumba, iache hapo hapo, hata kwa elfu mbili. Tafuta ya 2018. Na ninyi wenye studio, andikeni kwenye kasha mlichokifanya kwenye picha, na toleo la zamani liendelee kuuzwa hata mkileta jipya. Hayo mawili tu.

Naomba kuwasilisha.