Pasipoti ya Pili na Shamba la Chai

Zipo nchi duniani zinazouza uraia kama vile mwenye duka auzavyo sukari. Nchi ndogo ya St Kitts na Nevis, katika bahari ya Karibi, ilianza biashara hiyo mwaka 1984, mwaka mmoja tu baada ya kujipatia uhuru wake. Majirani zake Dominica, Antigua, Grenada na St Lucia wakafuata nyayo. Mwaka 2024 nchi nne kati ya hizo tano zilikubaliana kwamba bei ya uraia isishuke chini ya dola 200,000, yaani takriban shilingi milioni 26 za Kenya. Kwa kawaida mnunuzi halazimiki kuhamia huko wala kujifunza historia ya watu wa huko. Hulipa, huchunguzwa, kisha hukabidhiwa pasipoti.

Mkulima wa chai wa Kebirigo akisikia bei hiyo atacheka na kurudi kuchuma majani yake. Ataona kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mbali, nayo hayamhusu ndewe wala sikio. Lakini akitafakari zaidi atatambua kwamba naye yumo katika shughuli iyo hiyo, ila yeye hununua kidogo kidogo. Ni mara ngapi tumeona katika Nyamira na Kisii kipande cha shamba kikiuzwa ili kijana aende ng'ambo? Ni mara ngapi bonasi ya chai imewekwa rehani, mkopo ukachukuliwa katika chama cha akiba, harambee ikaitishwa, yote kwa ajili ya nauli na karo ya mwaka wa kwanza? Kijana huyo husomea uuguzi, hufanya kazi ya zamu za usiku, hupata kibali cha kuishi, na baada ya miaka kadhaa huapishwa kuwa raia wa Marekani. Leo jamii kubwa ya Abagusii imekita mizizi katika jimbo la Minnesota. Hawakufika huko kwa dola 200,000. Walifika kwa ardhi ya baba zao na jasho lao wenyewe.

Basi huo nao ni uwekezaji, na swali linalotupasa kujiuliza ni hili: kati ya uraia unaolipiwa fedha taslimu na uraia unaolipiwa kazi na miaka, ni upi unaosimama imara? Maoni yangu ni kwamba uraia wa fedha hubaki mkononi mwa muuzaji, ilhali uraia wa jasho huwa wa mwenyewe. Familia zetu, kwa ufukara wao, zimechagua njia iliyo bora. Hata hivyo zinakosea katika mambo mawili: hukabidhi mali zao kwa mawakala bila kuuliza, na husahau kutengeneza hati zao za nyumbani.

Tuutazame kwanza udhaifu wa uraia wa fedha. Kisiwa cha Cyprus kiliuza uraia kwa miaka mingi mpaka kilipofunga duka hilo Novemba 2020, baada ya waandishi wa habari kufichua ufisadi uliokuwemo. Tume iliyoundwa huko ikagundua kwamba zaidi ya nusu ya uraia 6,779 uliotolewa ulitolewa kinyume cha sheria, na serikali ikaanza kuwanyang'anya baadhi ya wanunuzi. Visiwa vya Vanuatu, katika bahari ya Pasifiki, viliuza pasipoti ambazo thamani yake kubwa ilikuwa kumwezesha mwenye nayo kuingia Ulaya bila viza. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaifuta ruhusa hiyo, na aliyenunua akabaki na kijitabu ambacho mlango wake mkuu umefungwa. Kisha tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba Malta imevunja sheria kwa kuuza uraia. Mahakama ilieleza kwamba uraia hujengwa juu ya mshikamano na uaminifu kati ya dola na watu wake, kwa hiyo hauwezi kuwa tunda la mapatano ya kibiashara.

Mfano ulio karibu nasi zaidi umo katika bahari yetu ya Hindi. Mwaka 2008 Visiwa vya Komoro vilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi. Waliokusudiwa hasa hawakuwa matajiri bali mabidun, watu wa Falme za Kiarabu na Kuwait waliozaliwa huko bila kutambuliwa kuwa raia wa nchi yoyote. Fedha zilitoka Ghuba, na mabidun wakapewa pasipoti za nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga, ili mahali walipozaliwa wahesabiwe kuwa wageni wenye hati. Mwaka 2018 uchunguzi wa bunge la Komoro ulifichua kwamba fedha nyingi hazikufika katika hazina ya taifa. Novemba 2022 rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini lililohusu biashara hiyo. Kwa hiyo mnyonge aliuziwa taifa asilolijua, na mwananchi wa Komoro akauziwa taifa lake bila kuulizwa.

Wakenya nao wameionja shubiri hiyo kupitia riadha. Mwaka 2003 mkimbiaji Leonard Mucheru alichukua uraia wa Bahrain na kuitwa Mushir Salem Jawher. Januari 2007 alishinda mbio za marathoni za Tiberias nchini Israel. Badala ya pongezi, Bahrain ikatangaza kumvua uraia kwa sababu alishindana katika nchi hiyo. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Uraia unaotolewa kama malipo ya huduma unaweza kutwaliwa huduma isipompendeza mtoaji.

Haki inatudai pia tuseme upande wa pili. Dominica ilipopigwa na kimbunga Maria mwaka 2017, fedha za uraia zilisaidia kujenga upya nyumba za wananchi. Nchi ndogo isiyo na mafuta wala madini haiwezi kulaumiwa kwa kutafuta riziki. Aidha, ni lazima tukiri kwamba mlango wa jasho hauachwi wazi daima. Septemba 2025, siku moja hiyo hiyo, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kuanzisha kadi ya dhahabu, ya kumpa ukaazi mgeni atakayetoa dola milioni moja, na agizo la kuwatoza waajiri dola 100,000 kwa aina fulani ya viza mpya za wafanyakazi wenye ujuzi. Mwenye fedha alipanuliwa mlango, mwenye ujuzi akabanwa. Mzazi wa Kebirigo anayeuza shamba leo hana budi kujua kwamba njia aliyopita mpwa wake miaka ishirini iliyopita huenda isiwe na upana ule ule.

Na sisi Wakenya, je, tunauza uraia? Hatuuzi. Mwekezaji wa kigeni mwenye mtaji usiopungua dola 100,000 anaweza kupewa kibali cha kuendesha biashara, lakini kibali si uraia. Katiba ya 2010 inamtaka mgeni awe ameishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo kabla ya kuomba kuandikishwa. Sheria hiyo ni nzuri, kwani inathamini maisha kuliko pochi. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya katani na ya miwa ya pwani tangu enzi za ukoloni. Walizaa, wakazeeka na kuzikwa humu bila vitambulisho. Ilibidi Oktoba 2016 watembee kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo Serikali ikaagiza waandikishwe. Taifa linalotaka watoto wake watambuliwe Minnesota kwa sababu ya kazi yao halina budi kuwatambua waliolifanyia kazi hapa nyumbani.

Sasa tugeukie jambo ambalo, kwa maoni yangu, linahatarisha mali ya familia nyingi katika Gusii. Chini ya katiba ya zamani, Kenya haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Bernard Lagat alipata uraia wa Marekani mwaka 2004, kisha mwaka huo huo akaitwalia Kenya medali ya fedha katika Olimpiki ya Athens. Habari hiyo ilipojulikana, ulizuka mjadala iwapo siku ile alikuwa Mkenya au mgeni. Katiba mpya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, ilibadilisha mambo. Kifungu cha 16 chasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine. Kifungu cha 14 chawapa waliokuwa wameupoteza haki ya kuurejesha, lakini kwa kuomba. Nayo sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mwenye uraia wa pili aitangazie Serikali katika muda wa miezi 3, na kunyamaza ni kosa la jinai.

Ni wangapi kati ya jamaa zetu walioapishwa ng'ambo kabla ya 2010 ambao wameomba? Ni wangapi walioapishwa baadaye ambao wametangaza? Mtu aweza kujibu kwamba damu haihitaji karatasi. Na amkumbuke Miguna Miguna, mzaliwa wa Nyando, ambaye Februari 2018 alifukuzwa nchini na kupelekwa Canada kwa madai kwamba si raia. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba uraia wake wa kuzaliwa haujapotea. Hata hivyo, alikanyaga tena ardhi ya Kenya Oktoba 2022. Haki ilikuwa yake, lakini ubishi juu ya karatasi ulimweka nje kwa zaidi ya miaka minne na nusu.

Wengi wetu hatuna mabishano ya kisiasa na Serikali. Tunacho kipande cha ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba chasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini ila kwa kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Jedwali la Sita likaongeza kwamba ardhi ambayo asiye raia alikuwa akiimiliki bila kikomo siku Katiba ilipoanza kutumika itakuwa mali ya Jamhuri, naye apewe ukodishaji wa miaka 99. Fikiri, msomaji, juu ya ndugu aliyeapishwa Marekani mwaka 2005, akanunua shamba Nyamira mwaka 2008, na hadi leo hajaomba kurejeshewa uraia. Siku baba atakapofariki na ndugu kuanza kugombania mipaka, haitakosa wakili wa kuuliza kama huyu ni raia au mgeni. Uraia wake ukiwa na shaka, hatimiliki yake nayo itatiwa shaka. Familia iliyouza shamba ili kununua pasipoti ya pili yaweza kujikuta ikihatarisha shamba jingine kwa kuipuuza pasipoti ya kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Upande wa mawakala, yaliyotokea Uasin Gishu yanatosha kuwa funzo. Wazazi walilipa fedha nyingi ili watoto wao wakasome Finland na Canada kupitia mpango uliosimamiwa na serikali ya kaunti. Wengi hawakusafiri, na mwaka 2023 shauri hilo likafika katika Seneti na mahakamani. Ikiwa mpango wenye muhuri wa kaunti uliweza kuwaacha wazazi wakilia, itakuwaje kwa wakala mwenye chumba kimoja na simu ya mkono?

Sisemi vijana wasiende. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kiasi kinachozidi tunachopata kwa chai tunayouza nje. Nyumba ngapi zimeezekwa na watoto wangapi wamesomeshwa kwa fedha hizo, kila mtu wa Kebirigo aweza kuhesabu. Ninachosema ni kwamba safari hii ni uwekezaji mkubwa kuliko wote ambao familia ya mkulima itaufanya, na uwekezaji hufanywa kwa hesabu.

Walimu wanaofundisha uraia katika shule zetu wana nafasi ambayo wakala hana. Wanaweza kumfunulia mwanafunzi Kifungu cha 14, cha 16 na cha 65 na kumwonyesha kwamba si maneno ya mtihani tu. Wanaweza kumweleza kwamba Kifungu cha 78 kinamkataza mwenye uraia wa nchi mbili kuwa mbunge, gavana au mwanajeshi, ili anayeota ndoto hizo achague akiwa na macho wazi. Wanaweza kumfahamisha kwamba watoto atakaowazaa huko ni Wakenya kwa sababu ya mzazi wao, lakini Bunge limepewa mamlaka ya kuweka mipaka kwa vizazi vinavyozaliwa nje. Serikali nayo ipeleke huduma ya kurejesha na kutangaza uraia karibu na watu, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mzazi wa kijijini ataelewa.

Mwanafunzi naye, kabla ya kumwomba baba auze sehemu ya shamba, achukue kalamu. Aandike gharama ya safari, miaka ya masomo, miaka ya kungoja kibali, na mahitaji ya sheria za nchi zote mbili. Aandike pia mavuno ambayo kipande hicho cha chai kingetoa katika miaka hiyo. Akiisha kufanya hivyo, ampe baba karatasi hiyo aisome. Hesabu hii na ifanywe kabla shamba halijauzwa.