Benki ikikataa, simu hukubali: hesabu ya kuhamisha deni

Kuna msemo umeenea miongoni mwa wafanyakazi wa serikali, kutoka Lamu hadi Kisii: "kununuliwa mkopo". Una deni katika benki hii, wanakuja maafisa wa benki ile hadi chumba cha walimu, wanalipa deni lako lote, kisha unaanza kudaiwa na wao kwa masharti yanayosemekana kuwa nafuu. Sasa watu wanataka jambo hilohilo lifanyike kwa deni la kadi ya mkopo, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Mwezi uliopita nilikuwa Marani, kaskazini ya mji wa Kisii, kwa mwalimu niliyefundisha naye Kilifi miaka ya nyuma. Kule ni vilima na migomba tu, na Mpwani aliyezoea tambarare hupanda akihema huku watoto wa shule wakimpita mbio. Mwenyeji wangu alikuwa na deni la kadi la shilingi 120,000, lililotokana na karo na matibabu ya mzazi. Riba yake ni asilimia 3 kwa mwezi. Mdogo wake anaishi Minnesota, kule Marekani, ambako Abagusii wengi wamehamia, na ndiye aliyempa wazo: omba kadi katika benki nyingine, hamishia deni huko.

Ushauri ule ni sawa kwa Minnesota. Marekani na Uingereza kampuni za kadi hugombea wateja, na mojawapo ya chambo chao ni kukuruhusu uhamishe deni la kadi ya zamani hadi kadi mpya, ukae miezi kadhaa bila riba, kwa ada ya mara moja ambayo mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5 ya deni. Ukilimaliza kabla ya muda huo kwisha, umepata nafuu ya kweli. Kwetu Kenya biashara hiyo ni kama haipo. Wenye kadi za mkopo ni wachache, na benki inayompa mwalimu kadi mpya hufanya hivyo kwa sababu mshahara wake unapitia kwake, wala haina haja ya kumnyang'anya jirani deni.

Basi rafiki yangu akaomba kadi, akakataliwa. Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi wa simu, bila sababu yoyote. Yeye moja kwa moja akadhani ameorodheshwa CRB. Hakuwa ameorodheshwa. Tulipoitazama hati yake ya mshahara ndipo tukaelewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa pamoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Mwalimu aliyekuwa amekopa mpaka karibu na mpaka huo miaka michache iliyopita amesukumwa zaidi bila kukopa hata senti: mchango wa pensheni kwa watumishi wa umma ulianza Januari 2021 kwa asilimia 2, ukapanda hadi 5, kisha 7.5; ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 mwaka wa 2023. Kisha bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024. Benki inaangalia kilichobaki mwisho wa mwezi, inaona hakitoshi, inakataa. Kwa kweli katika hilo siilaumu. Ninachoilaumu ni kunyamaza kuhusu sababu, kwa kuwa mtu asiyejua sababu hukimbilia mlango wa kwanza ulio wazi, na mlango ulio wazi usiku na mchana ni simu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kadi yake ilimtaka alipe angalau asilimia 10 ya deni kila mwezi, yaani 12,000 kwa kuanzia. Akawa anakopa 12,000 kwenye simu, analipa kadi, mshahara ukiingia analipa simu, kisha anakopa tena. Kwake hiyo ilikuwa namna ya kuhamisha deni, na ni kweli lilihama, lakini lilipanda mlima. M-Shwari ilipoanza mwaka wa 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na mikopo mingine ya simu iliyofuata ilijipanga karibu na hapo au juu zaidi. Kwa kiwango hicho, shilingi 12,000 ambazo kwenye kadi zingezaa riba ya 360 kwa mwezi, kwenye simu zinazaa 900. Benki imekuepusha na asilimia 3, wewe umekwenda kutafuta 7.5.

Si yeye peke yake. Mwaka wa 2016 Bunge liliwawekea wenye benki kikomo cha riba, pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na wao wakajibu kwa kuwakwepa wateja wadogo. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019, lakini wakati huo wateja wale walikuwa wameshahamia kwenye simu, na Fuliza ilikuwa na miezi kumi sokoni. Novemba 2022 Benki Kuu yenyewe ilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 4.2 walikuwa na mikopo ya simu iliyoharibika, ya thamani ya takriban shilingi bilioni 30, ikaziomba benki ziwasamehe angalau nusu ya deni ili waondolewe alama mbaya. Nchi nzima ilikuwa kwenye mlango huo wa rafiki yangu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mabishano yetu ya Marani yalipokuwa makali, kwenye meza yenye chai na ndizi za kuchemsha.

Afisa wa mikopo alikuwa amemwahidi mkopo wa kukatwa kwenye mshahara kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikipungua kadiri deni linavyopungua. Hiyo ni asilimia 1.5 kwa mwezi, nusu ya ile ya kadi. Muda ni miezi 48, malipo ni kama 3,525 kwa mwezi. Ukimwambia hivyo mtu aliyezoea kutoa 12,000, atasaini kabla hujamaliza kusema. Lakini zidisha: 3,525 mara 48 ni zaidi ya 169,000. Akibaki na kadi yake ya asilimia 3, asiitumie tena, na alipe 12,000 kila mwezi, atamaliza kwa mwaka mmoja na siku chache, jumla ikiwa karibu 145,000. Riba imepungua nusu, lakini gharama ya riba imepanda kutoka shilingi 25,000 hivi hadi 49,000. Kilichobadilika ni muda, nao muda ndio bidhaa ambayo mwenye kukopesha anauza.

Rafiki yangu akaniambia, "Ustadh, hiyo 12,000 sina." Ni kweli hana, na ndiyo maana aliangukia simu. Kwa hiyo tukajaribu miezi 24 kwa riba ileile ya 18. Inakuja kama 6,000 kwa mwezi, jumla karibu 144,000. Analipa nusu ya kile kilichokuwa kikimkaba, na mwisho wa yote hajatoa zaidi ya ambavyo angetoa kwenye kadi. Kuhamisha deni kwa namna hiyo kuna maana, mradi ada ya kuanzisha mkopo na bima visiile faida yote, na mradi kadi ya zamani ifungwe siku hiyohiyo. Kadi ikibaki mfukoni na nafasi ya 120,000 imefunguka upya, huyo atakuwa na madeni mawili kabla ya Desemba. Kwa hati ya mshahara kama yake, 6,000 hizo zitapita thuluthi tu akimaliza mkopo mdogo wa sacco uliobakiwa na miezi mitatu, kwa hiyo atangoja miezi hiyo mitatu, na simu aiache.

Msomaji wa Mombasa au Malindi ataniuliza: na riba yenyewe? Swali ni la haki. Sisi neno hawala tunalijua kwa kutumiana pesa, lakini katika fiqhi asili yake ni kuhamisha deni. Wewe unanidai, mimi namdai Fulani, nakuelekeza kwake ukachukue haki yako. Deni linahama kama lilivyo, mia kwa mia, bila kuongezwa. Benki za Kiislamu zilizopo nchini tangu 2008 haziwezi kununua deni la riba na kukutoza riba nyingine, kwa hiyo nyingine hupitia mikataba ya kuuziana bidhaa, na si wanazuoni wote walioridhika nayo. Chuo cha kimataifa cha fiqhi kiliikataa aina mojawapo ya mikataba hiyo katika kikao cha Sharjah mwaka wa 2009. Anayetaka njia hiyo aulize mkataba wake ni upi, na aulize bei yote kwa shilingi, kwa sababu faida inayopangiwa miezi 48 nayo hurefuka vilevile.

Kuhusu kukataliwa, kuna mambo ambayo sheria imekupa na watu hawayatumii. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bila malipo angalau mara moja kwa mwaka, na mashirika yaliyoidhinishwa ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya juu yako. Ukikuta deni ambalo si lako, au ulilokwisha kulipa, una haki ya kulipinga kwa maandishi. Muulize aliyekukataa kwa barua, si kwa simu: ni CRB, ni thuluthi, au ni nini? Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya thuluthi haimfai mtu wa CRB.

Na ukiwa bado hujachelewa hata malipo moja, nenda kwa anayekudai sasa, kabla ya kutafuta mwingine, umwombe apange upya deni lilelile kwa muda unaouweza. Benki husikiliza zaidi mteja aliyekuja mapema kuliko yule wa kutafutwa. Ukishaorodheshwa, hata ukilipa deni lote leo, alama hiyo haifutiki leo: hubaki kwenye ripoti yako miaka 5, na kila benki utakayoiendea itaisoma kabla ya kukukaribisha kiti.