Kompyuta zinaharibikia njiani

IMEKUWA kawaida kwa vyama vya msingi vya wakulima kutenga fedha za kununua kompyuta bila kutenga hata senti moja ya kuifikisha salama. Mashine inanunuliwa Kanyenye, mjini Tabora, inarudishwa kwenye boksi lake na kufungwa nyuma ya pikipiki. Nyingine hupanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha hupakiwa kwenye boti za mbao kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Buhingu na Kalya.

Kipande hicho cha mwisho ndicho kibaya zaidi. Boti inapopanda wimbi na kuanguka, kishindo kikubwa huwa omo, na shetri kuna mtikisiko wa injini usiokoma. Kompyuta ingekaa katikati, nyuma kidogo, lakini mizigo husukumwa omo kwa kuwa abiria hawapendi kukaa huko. Enzi za misafara, mzigo uliotoka Tabora kwenda Ujiji ulikuwa na springi yake: shingo na magoti ya mpagazi.

Diski ya aina ya zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachoisoma huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ikipata kishindo ikiwa inazunguka, kichwa huikwangua. Hivyo mashine izimwe kabisa. Kufunga kifuniko tu hakutoshi. Diski za SSD hazina kinachozunguka, ingawa skrubu na viungio bado hulegea. Hata simu hazisalimiki. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kudhoofisha kamera za iPhone.

Lakini bei ya mashine ni hasara ndogo. Ndani yake mna madeni ya pembejeo na kilo za tumbaku za kila mwanachama. Kumbukumbu zikipotea wakati wa masoko, mkulima aliyemaliza deni la mbolea anaweza kukatwa tena, na ushahidi wake ni karatasi alizotunza mwenyewe, kama mchwa hawajazifikia.

Kinga yenyewe si ghali. Vipande vya godoro la sponji pande zote, ndani ya ndoo ngumu yenye kifuniko, vinatosha, mradi sponji lisiwe laini kiasi cha kubonyea hadi chini. Ndoo ifungwe kwa mpira wa tyubu, isikazwe kwa kamba juu ya mataruma ya boti. Wauzaji wa Kanyenye wangeweza kuuza kifurushi hicho pamoja na kompyuta na kupata faida halali.

Bodi inayopitisha bajeti nayo iulize diski ni ya aina gani, na nakala ya kumbukumbu itakuwa kwa nani mashine ikiwa safarini. Flashi ndani ya begi lile lile la kompyuta si nakala.