Umeme Nao Uvuke Mpaka

Wasomaji wa gazeti letu, hasa ninyi mlio bado madarasani, naomba mnipe sikio kidogo. Nina jambo la nyumbani kwangu ambalo naona ni la nchi zetu zote za Afrika ya Mashariki.

Hapa Juba, chini ya mwembe wetu, imesimama pikipiki ya umeme isiyokwenda. Ni mali ya mdogo wangu. Aliinunua Kampala baada ya kuendesha bodaboda kule miaka mitatu, na aliporudi nyumbani aliipakia juu ya lori, akavuka nayo Elegu na Nimule. Sote tulishangilia, maana tulidhani umeme ni umeme popote uendako. Leo kuku wanalala juu ya kiti chake.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika miji ya Kampala, Kigali na Nairobi, madereva wengi wa pikipiki za umeme hununua chombo tu, na betri hubaki mali ya kampuni. Betri ikiisha nguvu, dereva huenda kituoni, huitoa, hupewa nyingine iliyojaa, hulipa kwa simu, na kabla chai yako haijapoa amekwisha ondoka. Ni mpango mzuri sana. Lakini kampuni nyingi zina betri za namna yao, plagi za namna yao, tena betri hizo huendeshwa na mitambo ya kampuni yenyewe tu. Mdogo wangu alikatazwa kutoka na betri nje ya Uganda, na huku Juba kampuni ile haina kituo. Fundi mmoja wa soko la Konyo Konyo alimtafutia betri nyingine. Pikipiki ikakataa kuitambua. Basi akiba ya miaka mitatu imekuwa kituo cha kuku, naye amerudi kukodi pikipiki ya petroli, na jasho lake lagawanywa kati ya mwenye chombo na muuza petroli.

Najua wako watakaosema, "Ninyi watu wa Juba hamna umeme wa kutosha taa, mwataka wa pikipiki?" Swali ni la haki, nami nalijibu. Petroli tunayoichoma huletwa kwa malori kutoka Mombasa kupitia Uganda, ijapo mafuta ghafi huchimbwa katika nchi yetu wenyewe na kupelekwa kwa bomba hadi Port Sudan. Mwaka 2024 bomba moja lilipasuka wakati wa vita vya Sudan, na mafuta yake hayakupita kwa miezi mingi. Kwa upande wa umeme, mwaka 2023 serikali yetu na ya Uganda zilitia sahihi mapatano ya kuuziana umeme, kwa laini ya kilovolti 400 itakayopita Nimule. Uganda nayo imekwisha kuzindua bwawa la Karuma, megawati 600, mwaka 2024. Laini hiyo itakapofika, itakuwa aibu kubwa kama umeme umevuka mpaka na pikipiki haziwezi kuutumia.

Tena haya si mambo mageni kwetu. Watanzania walipojengewa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, njia yake ilikuwa na upana wa milimita 1,067, na reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000. Reli zote mbili hufika Dar es Salaam, lakini behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na mizigo yalazimika kuhamishwa. Wajenzi wakikosa kupatana mwanzoni, wajukuu hulipa.

Lakini tumewahi kupatana pia. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, hata mtu akatoka Nairobi akafika Kampala na kuendelea kuzungumza kwa laini yake ile ile bila ya gharama za ugenini. Wazungu nao wamefanya hivyo katika magari. Nchi za Umoja wa Ulaya zilichagua namna moja ya plagi kwa sheria ya mwaka 2014, na tangu Aprili 2024 vituo vipya vyenye nguvu kubwa vyatakiwa kupokea kadi ya kawaida ya benki, ili mgeni asisumbuliwe kujiandikisha kila aendako.

Basi maoni yangu ni matatu. Kwanza, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo sisi tuliingia mwaka 2016, iweke kipimo kimoja cha betri za pikipiki na plagi moja ya magari, mapema, kabla vyombo havijawa vingi. Rwanda imekwisha kuamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria mjini Kigali ziwe za umeme, wakati hautungoji. Pili, malipo ya simu ya nchi moja yapokewe katika vituo vya nchi nyingine. Tatu, vijengwe vituo katika njia kuu zinazovuka mipaka. Barabara ya lami ya Juba na Nimule ni kilometa 192 tu. Vituo vichache vingetosha kuanzia.

Watu wa Nimule wamekwisha tuonyesha kwamba yawezekana. Uganda huendesha kushoto, sisi twaendesha kulia, na kila siku malori hubadili upande pale mpakani, kwa kuwa kila dereva ajua sheria ya kila upande na waziheshimu wote.

Ndugu zangu wanafunzi, ninyi mwajifunza Kiswahili ili mkifika Gulu, Nakuru au Morogoro msiwe mabubu. Wale watakaosoma uhandisi kati yenu wakumbuke kwamba mashine nazo zahitaji lugha moja. Na wale watakaoketi katika ofisi za serikali wakumbuke pikipiki iliyo chini ya mwembe wetu. Mdogo wangu hataki kuiuza. Kila Jumamosi huwafukuza kuku, akaipangusa vumbi.

Mwanafunzi wa Zamani,
Juba.