Tamaa Si Moja

Mara nyingi mwalimu akiisha kuwasomea watoto hadithi ndefu ya Ulaya hufunga kitabu na kunena, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Kengele hulia, na watoto hutoka wakidhani wamekwisha kuelewa. Mimi nasema mithali hiyo, iliyo njema mahali pake, imegeuzwa kuwa kifuniko cha kila chungu, nayo yadhulumu watu.

Twaeni kitabu cha Mfaransa Gustave Flaubert, Madame Bovary, cha mwaka 1857. Emma ni binti wa mkulima mwenye mali kidogo, amesomeshwa na watawa, ameolewa na tabibu. Njaa haijui. Atakacho ni mavazi ya fahari na mapenzi kama ya vitabuni. Hukopa hata deni lamzidi, akala sumu. Hapo mithali yafaa, walakini si yote. Mfanyabiashara aliyemshawishi kukopa hustawi. Na Berthe, binti yake mdogo asiyetamani kitu, ndiye apelekwaye kutafuta riziki katika kiwanda cha pamba. Mithali yamwambia nini mtoto huyo?

Pip naye, katika Great Expectations cha Charles Dickens (1861), alilelewa na Joe, mhunzi mwema, wala hakuona haya mpaka siku Estella alipoicheka mikono yake migumu na viatu vyake vizito. Tamaa ya ubwana ilipandwa na dharau. Dickens aliyajua hayo: alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu, na baba yake akafungwa kwa deni.

Lakini anayedhulumiwa kuliko wote ni Jude Fawley, wa Jude the Obscure cha Thomas Hardy (1895). Ni yatima. Alijifunza Kilatini na Kiyunani akisoma juu ya gari la mikate, farasi akijiendea mwenyewe. Kisha akawa fundi wa kuchonga mawe, akaenda Christminster, ndilo jina Hardy alilolipa Oxford, akawaandikia wakuu watano wa vyuo. Mmoja tu alijibu: yeye ni mtu wa kazi ya mikono, heri adumu katika kazi yake. Basi alitengeneza kuta za vyuo, akakaa nje yake.

Najua nitaulizwa, Je, ndoa yake na maisha yake na Sue? Ni kweli, alikosea, wala Hardy hafichi. Ila barua ile haikuuliza habari za ndoa. Ilitazama kazi yake, basi.

Tena tusijidanganye kwamba haya ni ya Ulaya tu. Mtoto wa mkulima akisema ataka kuwa daktari, jirani humpigia mithali ile ile. Mtoto wa tajiri akisema vivyo hivyo, husifiwa kwa bidii. Neno ni moja, hukumu mbili! Na mwalimu aliyeizoesha darasani ndiye aliyemfundisha jirani.

Mwaka 1899, miaka minne tu baada ya kitabu cha Hardy, kilifunguliwa huko Oxford chuo kwa ajili ya wafanya kazi, ndicho Ruskin. Walioingia humo walitamani kile kile alichokitamani Jude.