Radi za Kukodi

Nina ugomvi na waandishi wetu wa riwaya, na ugomvi wenyewe ni wa hali ya hewa. Kila tufani inapokaribia kwenye vitabu vyao, wingu jeusi linatanda, radi zinapasua anga, na shujaa ndo kwanza kaachwa na mchumba. Jamani, hiyo ni mvua ya masika ya alasiri. Kimbunga cha baharini hakiji hivyo.

Mara nyingi kinatanguliwa na utulivu. Upepo hautoshi hata kutikisa khanga kwenye kamba, lakini mawimbi yanaingia marefu na mazito, yameachana kwa nafasi, kwa sababu mawimbi huwahi kufika kuliko kimbunga kilichoyazaa. Juu kabisa kuna mawingu membamba kama manyoya. Joto linanata mwilini. Mvuvi anaisikia bahari ikipiga kishindo bila upepo, basi anavuta ngalawa yake juu kuliko siku zote, na wala hasemi kitu. Kinachotisha ni kwamba bahari inasema lake na hewa inasema lake.

Halafu tazameni tarehe. Tufani iliyoangamiza merikebu za Seyyid Barghash pale Unguja, Aprili 1872. Ya Lindi, Aprili 1952. Kenneth, iliyopiga Cabo Delgado huku Mtwara wakishika roho mkononi, Aprili 2019. Jobo, iliyofifia kabla ya kutufikia, Aprili 2021. Hidaya, Mafia, Mei 2024. Zote mule mule, kaskazi ikiaga na kusi ikiingia. Wazee wa pwani wana jina la kipindi hicho: maleleji. Mwandishi wetu anaandika "upepo ulivuma." Upepo gani, bwana?

Hiyo ya 1872 peke yake ni riwaya nzima. Iling'oa mikarafuu ya Unguja, ikaiacha Pemba karibu salama, na baadaye Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Tufani moja ikahamisha utajiri kisiwa hadi kisiwa!

Utaniambia riwaya si taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ndiyo hasa ninachosema. Hidaya ilipokuja, sisi wa magazeti tuliandika kasi ya upepo, tukaandika boti za Zanzibar zimesitishwa, nafasi ikaisha. Jinsi hewa ilivyokuwa jioni ya kuamkia siku ile haikuingia popote, na hiyo si kazi ya gazeti.

Msomaji aliyelelewa na radi za vitabuni ataiona bahari haina upepo, anga halina ngurumo, atasema shwari, atasukuma chombo majini. Na mhariri anayeipitisha radi ileile kitabu baada ya kitabu, naye nina maneno naye.