Diski Imefungwa, Ufunguo U Wapi?

Katika nyumba zetu nyingi huku ugenini, sanduku la nyaraka limehamia ndani ya kompyuta: vyeti vya kuzaliwa, karatasi za uhamiaji, picha za arusi na za wazee waliotangulia. Basi yatupasa kujiuliza: kompyuta hiyo ikifa, nayo diski yake ingali nzima, je, vilivyomo vitasomeka katika kompyuta nyingine?

Kompyuta nyingi za Windows hufunga diski kwa kufuli liitwalo BitLocker, lililoanza na Windows Vista mwaka 2007. Kufuli hili hugeuza kila kilichoandikwa kuwa fumbo. Mara nyingi mwenyewe hana habari, kwa kuwa chipu iliyomo ndani ya kompyuta hushika ufunguo na kufungua bila kuuliza. Diski ikihamishiwa kwingine, chipu ile haipo. Hapo hutakiwa ufunguo wa akiba, nao ni tarakimu 48.

Mwenye tarakimu hizo halazimiki kutafuta Windows nyingine. Mfumo wa Linux, upatikanao bure, una programu iitwayo cryptsetup, ambayo tangu toleo la 2.3.0 la mwaka 2020 huweza kufungua BitLocker. Katika matoleo mengi ya sasa ya Linux yatosha kubofya alama ya diski na kuandika tarakimu. Kompyuta ya Mac haifungui kufuli hili peke yake. Huhitaji programu ya ziada.

Twawahadharisha jambo moja. Kompyuta isiyolitambua kufuli yaweza kudai kuwa diski haisomeki, kisha ikaomba ruhusa ya kuifomati. Jibu ni hapana, kwani kukubali ni kufuta. Ifungueni kwa kusoma tu, nakilini vilivyomo kwanza, mengine baadaye.

Asiye na ufunguo asitarajie fundi kulifumbua fumbo hilo. Kwa hiyo twaiomba kila nyumba, kompyuta ikiwa bado hai, izitafute tarakimu hizo, ambazo mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ziandikwe katika karatasi, iwekwe pamoja na pasipoti, na watu wawili wajue ilipo, kwa maana mwenye akaunti naye ni binadamu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.